Rompwe za Goma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia, umbo na msongamano wake

Ukurasa huu unakusanya maswali ambayo madereva, motari (waendesha pikipiki za abiria), wanafunzi wa ujenzi na wakaaji wa kando ya barabara huuliza tena na tena. Maswali yana namba, na jibu linalohusiana na jingine linakuelekeza huko.

## Misingi

1. Rompwe ni nini, na inatofautianaje na njiapanda ya kawaida?

Ni makutano ambamo magari yote yanazunguka kisiwa cha katikati kwa upande mmoja tu. Congo tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo tunazunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kisiwa kikiwa mkono wa kushoto.

Kinachoitofautisha si duara wala sanamu iliyosimama katikati. Tofauti iko mlangoni: anayeingia anampisha aliye ndani. Bila jambo hilo una uwanja tu wenye kitu katikati. Njiapanda ya barabara nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari mawili zinakutana au kukatana. Rompwe ya njia moja ina sehemu 8, na hakuna hata moja ambapo magari yanakutana uso kwa uso.

2. Ni kitu kimoja na kipilefti?

Ndiyo. Tanzania wanasema kipilefti, jina lililozaliwa na alama ya zamani ya Kiingereza iliyowaamuru madereva wapite kushoto. Kenya utasikia raundabauti. Sisi tulichukua neno la Kifaransa. Dereva wa lori anayetoka Mombasa au Kampala akumbuke kwamba akishavuka mpaka mzunguko unageuka: kwao wanazunguka kufuata saa, huku ni kinyume.

3. Nani apite kwanza?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ugomvi mwingi wa rompwe unatoka hapa.

Kwenye rompwe yenye alama kamili, anayeingia anangoja na aliye ndani anaendelea. Alama ya kungoja ni pembetatu iliyopinduliwa, ncha ikiwa chini, yenye ukingo mwekundu. Mara nyingi inawekwa pamoja na duara la bluu lenye mishale mitatu myeupe inayozunguka. Ukiiona pembetatu hiyo, mpishe kila anayekuja kutoka kushoto kwako, awe kwenye gari kubwa au kwenye pikipiki.

Utata unaanza pale ambapo pembetatu haipo, au iligongwa na lori haikurudishwa. Kanuni ya jumla ya makutano yasiyo na alama, katika Mkataba wa kimataifa wa Vienna wa 1968 kuhusu barabara na katika sheria ya barabara ya Congo namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ni kumpisha anayetoka kulia. Sasa jiweke ndani ya duara: kila anayeingia anatokea kulia kwako. Kwa hiyo, bila alama, anayeingia ndiye mwenye haki, na aliye ndani ndiye wa kusimama. Dereva mmoja anafuata kanuni aliyojifunza shuleni, mwingine anafuata mazoea ya rompwe, na kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba mwenzake ndiye mkosaji.

Cha kufanya ukiwa ndani ya rompwe isiyo na alama: punguza mwendo kabla ya kila mlango na utazame kulia. Ukiwa mlangoni, usiitumie haki yako kuziba duara, kwa sababu utakayemziba ndiye aliyetaka kutoka na kukuachia nafasi (tazama swali la 17). Askari wa rulaje (polisi wa barabarani) akiwepo, ishara za mikono yake zinashinda alama na kanuni zote.

Pembetatu nne zilizosimama wima zinasaidia mji kuliko sanamu yoyote.

4. Taa za kukunja niwashe lini?

Ukitoka kwenye mlango wa kwanza, washa ya kulia kabla ya kuingia. Ukienda moja kwa moja, ingia bila taa, kisha washa ya kulia mara tu unapoupita mlango ulio kabla ya wako. Ukikunja kushoto au kurudi ulikotoka, washa ya kushoto unapoingia, halafu badilisha iwe ya kulia kabla ya kutoka. Taa ya kulia ya kutokea ndiyo muhimu zaidi: inamwambia anayengoja mlangoni kwamba nafasi inakuja.

## Historia

5. Wazo la kuzunguka kisiwa lilitoka wapi?

Mchoraji wa miji wa Ufaransa, Eugène Hénard, alilipendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mwaka 1907 uwanja wa Étoile jijini Paris ukaanza kuzungukwa upande mmoja. New York, kwa juhudi za William Phelps Eno, ilikwisha kuanza kwenye Columbus Circle karibu wakati uleule.

Rompwe za zamani zilimpa nafasi anayeingia. Magari yalipokuwa machache hilo halikusumbua. Yalipoongezeka, duara zilijifunga, na nchi nyingi zikaacha kuzijenga. Kilichoziokoa ni Uingereza kubadili kanuni mwaka 1966: anayeingia ampishe aliye ndani. Mhandisi Frank Blackmore wa maabara ya utafiti wa barabara ya huko akaonyesha kwamba kwa kanuni hiyo duara ndogo inaweza kupitisha magari mengi kuliko ile kubwa ya zamani. Ufaransa yenyewe ilifuata mwaka 1984. Étoile hata leo imebaki na kanuni ya kumpisha anayetoka kulia, na yeyote aliyeivuka saa za jioni anajua matokeo yake.

6. Volkano imebadilishaje barabara na rompwe za Goma?

Kwa kiasi ambacho miji michache duniani imepata kukiona. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani Kivu, ikafunika nyumba, maduka na barabara. Ikishapoa, lava haiondolewi kwa koleo. Mahali pengi barabara ilipitishwa juu yake, na usawa wa njia ukapanda juu ya usawa wa milango ya zamani. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena, ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama kwenye ukingo wa kaskazini wa mji.

Kwa mjenzi wa rompwe hili lina maana tatu. Kwanza, hawezi kudhani kwamba ardhi ni sawa: chini ya mita moja ya udongo kunaweza kuwa na mwamba mtupu upande mmoja na shimo lenye hewa upande wa pili. Pili, kuchimba mfereji au shimo la nguzo ya alama kunataka mashine ya kuvunja mawe, na ndiyo maana nguzo nyingi huwekwa kifupi na kuinama mapema. Tatu, milango ya rompwe moja inaweza kuwa na usawa tofauti, kwa hiyo gari linaloteremka kutoka kaskazini linaingia kwa kasi kuliko linalopanda kutoka ziwani.

7. Sanamu ya chukudu ina kazi gani kwenye barabara?

Kwa wakaaji ni heshima: chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imebeba viazi, makala (makaa) na saruji ya Kivu Kaskazini tangu miaka ya 1970, na mtu wa rangi ya dhahabu pale katikati ya rompwe ya Chukudu anamsimamia kila aliyewahi kuisukuma. Kwa dereva, sanamu ina kazi nyingine. Inamzuia kuona moja kwa moja barabara ya ng'ambo, ikimwambia akiwa bado mbali kwamba njia haiendelei, na kwamba lazima apunguze.

Sanamu ikae katikati kabisa, mbali na ukingo, na msingi wake usizibe macho ya anayeingia anapotazama kushoto.

8. Kwa nini kila mtu anatumia rompwe kama anwani?

Kwa sababu ni mahali ambapo kila abiria na kila motari anapajua. Ukisema «niache ku Signers» au «tukutane ku Chukudu», umemaliza. Tatizo ni kwamba abiria wanashukia palepale kwenye duara (tazama swali la 14).

## Umbo na vipimo

9. Rompwe ya mji kama wetu iwe na ukubwa gani?

Kipimo cha kuanzia ni kipenyo cha nje, kutoka ukingo hadi ukingo. Rompwe ndogo sana, ambayo kisiwa chake kinapandwa na magurudumu, ina mita 13 hadi 27. Ya njia moja ina mita 27 hadi 55. Ya njia mbili inaanzia kama mita 46.

Lori refu lenye tela, mita 16.5, ndilo linaloamua. Kwa kipimo cha Ulaya, linapozunguka, kona yake ya nje inahitaji nusu-kipenyo cha mita 12.5, na gurudumu lake la ndani linabaki mita 5.3 kutoka katikati, yaani linafagia utepe wa mita 7.2. Duara ya mita 30 inalitosha: barabara ya mita 6, ukingo wa kupandwa mita 2, kisha kisiwa kigumu cha mita 14. Ukijenga kwa kufikiria Fuso tu, tela la kwanza litakula ukingo wako ndani ya wiki.

10. Kwa nini mlango wa kuingilia haunyooki?

Ili gari lilazimike kupinda. Mlango ukielekea katikati ya kisiwa na kumsukuma dereva kulia, hawezi kuingia kwa zaidi ya kilomita 30 au 35 kwa saa. Mlango unaonyooka kuelekea ule wa kutokea, hasa kwenye rompwe yenye kisiwa kidogo, unamruhusu apite kama mshale.

Upana wa mlango wa njia moja uwe mita 4 hadi 5.5. Watu huomba upanuliwe ili «magari yapite haraka». Ukiupanua kufika mita 7, magari mawili yataingia sambamba kwenye duara ya njia moja, na moja litabanwa kwenye kisiwa.

11. Ule ukingo wa mawe unaozunguka kisiwa ni wa nini?

Ni wa magurudumu ya nyuma ya malori. Unainuliwa sentimita 5 hadi 7 hivi: chini vya kutosha kwa lori kupanda, juu vya kutosha kumchukiza mwenye gari dogo. Utengenezwe kwa zege au mawe yaliyopangwa, si lami, kwa sababu magurudumu ya tela yanapojikunja papo hapo huivuta lami na kuichana.

Watu wasisimame wala kuweka meza juu yake. Anayepanda pale haonekani na dereva wa lori.

12. Wapita njia wavukie wapi?

Si kwenye mstari wa kungojea, wala si kupitia kisiwani. Kivuko kiwe nyuma ya mstari wa kungojea kwa urefu wa gari moja, mita 6 hadi 7. Hapo dereva anamaliza kwanza habari ya mtembea kwa miguu, kisha anasogea na kutazama magari. Katikati ya barabara kuwe na kisiwa kidogo kinachotenganisha wanaoingia na wanaotoka, upana usipungue mita 2, ili mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni avuke upande mmoja, apumzike, avuke wa pili.

Hatari kubwa iko upande wa magari yanayotoka, kwa sababu yanaongeza mwendo. Motari wengi hutoka bila kuwasha taa, na anayevuka hana namna ya kujua.

Kwenda kwenye sanamu kupiga picha kunamlazimu mtu avuke mahali ambapo hakuna dereva anayemtarajia. Piga picha kutoka kando ya barabara.

13. Maji ya mvua yaende wapi, na kwa nini kingo zetu hazionekani usiku?

Barabara ya duara inamwaga maji nje, kwa mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita. Ukiimwaga ndani, maji yanakwama kwenye kisiwa na dereva anajisikia salama kukimbia. Mwamba wa Goma unanyonya maji vizuri, ila vumbi na mchanga wa volkano vikiisha kuziba matundu, dimbwi linabaki siku nzima. Mashimo ya maji yasafishwe kabla ya mvua za Septemba.

Kuhusu kingo: tunajenga kwa mawe meusi ya volkano kwa sababu ni imara na yapo kila mahali. Jiwe jeusi kando ya lami nyeusi, umeme ukiwa umekatika, halionekani kabisa hadi gurudumu liligonge. Chokaa nyeupe husaidia lakini mvua inaiosha. Rangi ya barabara iliyochanganywa na chembe za kioo hudumu zaidi na inarudisha mwanga wa taa. Ukikosa fedha za kupaka duara zima, anza na ncha za visiwa vidogo vya milangoni: ndizo zinazogongwa kwanza.

## Mambo ya Goma yenyewe

14. Kituo cha teksi na motari kiwe umbali gani?

Angalau mita 30 baada ya mlango wa kutokea, na kisiwe kamwe ndani ya duara. Teksi moja inayopakia mlangoni inatosha kusimamisha rompwe nzima: anayetaka kutoka anakwama, walio nyuma yake wanakwama, na milango mingine mitatu inafuata. Meza za wauza yunite (salio la simu) na wabadilisha pesa nazo zinavuta watu kusimama, kwa hiyo zihamie sehemu ileile ya kituo. Kuwafukuza bila kuwapa mahali hakufanyi kazi: wanarudi jioni, kwa sababu wateja bado wanashukia palepale.

15. Usukani wangu uko kulia. Nifanye nini tofauti?

Magari mengi ya hapa yametengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto. Kwenye rompwe zetu hatari hutoka kushoto, na wewe umekaa kulia: kichwa cha abiria na nguzo ya kioo vinakuziba hasa pale unapotaka kuona.

Simama kabla ya mstari, gari likiwa limenyooka kidogo, wala usililaze kulia mapema. Sogeza kifua mbele, tazama kushoto, mwombe abiria aegemee nyuma. Ngoja nafasi kubwa kidogo kuliko ile ambayo mwenye usukani wa kushoto angeichukua. Unapotoka, kioo cha kushoto ndicho kitakachokuonyesha motari anayekupita upande usiouona.

16. Chukudu na pikipiki zikae wapi kwenye duara?

Pikipiki ikae katikati ya njia, si pembeni. Ukijibana ukingoni, gari linalotoka litakukata. Usipite kamwe upande wa kulia wa lori ndani ya rompwe: mkia wa lori unasogea ukingoni linapotoka.

Chukudu yenye mzigo inaweza kuwa na kilo 400 na zaidi, na breki yake ni mguu na kipande cha mpira kwenye gurudumu la nyuma. Inayoteremka haiwezi kusimama ghafla, na dereva wa gari analazimika kujua hilo. Anayesukuma achague mojawapo: ashuke na kuvuka kwenye kivuko kama mtembea kwa miguu, au ashike njia nzima na kuzunguka taratibu huku mwenzake akionyesha kwa mkono. Kuzunguka kinyume ili kufupisha njia ndiko kunakoua.

## Rompwe inapofunga

17. Kwa nini rompwe nzima inasimama ghafla?

Fuata magari matano. La kwanza limetoka kusini linataka magharibi. Linapokaribia kutoka, gari la kaskazini linaingia mbele yake kwa nguvu, likielekea kusini. Nalo linazuiwa na lililoingia kutoka magharibi, linaloelekea mashariki. Hilo linazuiwa na lililoingia kutoka kusini, na hili la kusini linazuiwa na lililoingia kutoka mashariki, ambalo limesimama nyuma ya gari letu la kwanza. Duara limeshika mkia wake. Hakuna anayeweza kusogea hata kama barabara za kutokea ziko wazi kabisa, na honi haiongezi nafasi hata ya sentimita.

18. Inafunguliwaje?

Kwanza simamisha milango yote minne. Askari mmoja hatoshi, kwa hiyo motari wawili watatu wanaoheshimika pale kituoni wasaidie. Kisha hakikisha kwamba angalau mlango mmoja wa kutokea hauna teksi inayopakia. Chagua gari lililo karibu zaidi na mlango huo, litoe, halafu lililo nyuma yake, ukirudi nyuma gari kwa gari hadi duara liwe tupu. Ndipo fungua mlango mmoja kwa sekunde 20 au 30, kisha wa pili unaofuata.

Kosa la kawaida ni kufungua ule wenye foleni ndefu na kuuacha wazi kwa dakika nyingi, huku walio ndani wamesimamishwa. Hapo unajaza chombo kilichokwisha kujaa.

19. Je, taa au roboti zingefaa zaidi?

Inategemea idadi ya magari, na idadi hiyo inahesabiwa. Weka mtu kila mlango, saa moja hadi saa tatu asubuhi na saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, mkiandika kila dakika 15. Gari dogo ni 1, pikipiki nusu, lori 2 au zaidi. Kwa fomula ya Marekani ya 2010, mlango wa njia moja unaweza kuingiza kama magari 1,130 kwa saa duara likiwa tupu, kama 685 yakiwa 500 yanapita mbele yake, na kama 415 yakiwa 1,000. Wanaongoja kuingia wakizidi hapo kila siku, umbo limeshindwa. Wakiwa chini na bado panafunga, tatizo ni nidhamu au vituo (swali la 14), na taa hazitalitibu.

Taa zinahitaji umeme usiokatika. Kinshasa iliweka roboti za kuongoza magari mwaka 2013 zinazotumia nguvu ya jua, na kwenye njiapanda kubwa zilisaidia. Rompwe ndogo yenye alama inafanya kazi usiku kucha bila waya hata mmoja.

## Hali za pekee

20. Nimeupita mlango wangu. Nirudi nyuma?

Hapana, kamwe. Zunguka tena. Ni sekunde 15.

21. Gari la wagonjwa likija nikiwa ndani?

Usisimame ndani ya duara. Toka kwenye mlango ulio karibu nawe, hata kama si wako, kisha egesha kulia. Ukiwa bado mlangoni, baki hapo.

22. Gari likizimika ndani?

Washa taa za hatari, shusha abiria kuelekea upande wa nje, lisukumeni hadi baada ya mlango wa kutokea. Likikataa, weka pembetatu au matawi kabla ya mlango wa kuingilia ulio nyuma yako, ili anayeingia alione gari kabla hajageuka. Ukiyaweka karibu na gari ndani ya mpindo hayaonekani. Jiwe uliloweka chini ya gurudumu uliondoe unapoondoka: usiku ni jeusi kama lami.

23. Msafara wa harusi unaruhusiwa kuzunguka mara kadhaa?

Kila gari likifuata kanuni, kuzunguka si kosa. Kosa ni msafara kujifunga pamoja ili wengine wasiingie wala kutoka, na wapiga picha kuning'inia madirishani upande wa kisiwa. Zungukeni mara moja, mkiachiana nafasi ya gari moja, na si kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni.